Mstari wa 2,114

Sasisho liliingia Alhamisi usiku bila hodi,
likapanga viti upya, likabadili taa,
na mkalimani mzee likamtoa nje
kwa maneno mawili ya kijivu: Toleo halitambuliki.

Asubuhi, ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
Chama cha Akiba cha Wapiga Chapa kilikuwa bubu.
Wamebaki wanachama mia mbili na sita,
wengine wino ungali chini ya kucha,
na programu inayojua hesabu zao
haina tena wa kuitafsiria.

Mwenyekiti Wanyonyi akasema, tununue mpya.
Vijana wa Westlands walishakuja na slaidi zao,
kila kitufe rangi ya peremende.
Kipya kinyemi, nikamwambia, malizia mwenyewe.
Hakumalizia. Aliniachia ufunguo
na chupa ya chai.

Iliandikwa na Bi Kavutha, marehemu,
enzi simu ya ofisi ikiwa na waya na kufuli.
Sikumwona hata siku moja, lakini namjua:
huacha nafasi mbili pale wengine huacha moja,
riba aliiita kunde, mkopo akauita mawele,
na kwenye mstari wa 2,114 ameweka maneno
ambayo mashine huyaruka, mtu huyasoma:

Usifute hapa. Sijui kwa nini inakubali, ila inakubali.
Ni ya Bwana Otwori, 0417. Chama hulipa siku ya kuzaliwa,
naye alizaliwa tarehe 29 Februari.
Bila mstari huu atalipwa kila baada ya miaka minne.
Alikuja mara tatu. Hakupaza sauti.

Nimezipitia slaidi za Westlands, kurasa arobaini.
Otwori hayumo.

Nikashuka Luthuli, kwa Mutwiri auzaye vipuri,
mkebe wa biskuti umejaa sidii zisizo na majina.
Tulizipangusa kwa pindo la shati lake, moja moja.
Ya kumi na tisa ina mkwaruzo kama kovu la ndui,
lakini ilisoma, na mkalimani alikuwa mle,
mzima, lugha yake ileile.
"Mia mbili," akasema Mutwiri. "Ingawa la kuvunda halina ubani."
"Halijavunda," nikasema, nikatoa mia na hamsini.

Ndipo nikajenga chumba ndani ya mashine.
Kidogo, bila dirisha,
kuta za mwaka wa elfu mbili na tatu,
kumbukumbu ya kubana, skrini upana wa kitabu cha risiti.
Tarehe tu niliiacha ya leo, maana deni halirudi nyuma.
Nikampa maktaba zake tatu,
nikaufungia mtandao nje:
angetoka hatua moja,
kirusi cha kwanza kingemmaliza kizingitini.
Akiuliza bandari ya printa iko wapi,
namwonyesha tundu jipya la pembeni, naapa ndiyo yenyewe.
Ni uongo, nakiri.
Mshahara wangu wote ni uongo wa upole
kati ya wawili wasiosikilizana.

Jumatatu, tarehe mosi Machi,
printa ya sindano ilikohoa, ikakwaruza,
ikavuta karatasi yenye matundu kingoni.
Bwana Otwori alipanda ngazi kwa vituo,
akaishika risiti mbali na macho
kama anayesaka kosa kabla chapa haijapigwa.
Nilikuwa nimejiandaa kupokea asante.

"Zimepungua shilingi kumi," akasema.

Nikafungua tena. Mstari wa 2,115.
Nafasi mbili, kisha mkono uleule:
Kumi za mfuko wa rambirambi. Akiuliza,
mkumbushe ni yeye aliyependekeza, mkutano wa Aprili.

Nikamkumbusha.
Akaikunja risiti mara nne, akaitia mfuko wa ndani.
"Kumbe bado anakumbuka," akasema,
akashuka.
Sikumwuliza ni nani.